Amri ya Kuhuisha Raia

Ipo nchi moja, na tuna hakika ipo kwa sababu Wizara ya Habari imethibitisha mara mbili, ambayo watu wake hawaruhusiwi kupitwa na wakati. Wimbo wa taifa hubadilishwa ubeti mmoja kila mwaka. Kaulimbiu yao ni "Mbele Tu", na kwa kuiheshimu, magari yote ya serikali yaling'olewa gia ya rivasi. Dereva wa waziri akikosea njia hana budi kuizunguka wilaya nzima. Watu wa nchi hiyo ni wapole. Hukaa kando ya barabara wakampungia mkono anapopita mara ya pili.

Katika mji mmoja wa kusini ipo hospitali, na katika hospitali hiyo kipo chumba chenye mashine tano za kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimeacha kazi. Mwatumu Chande alikuwa fundi wa kompyuta hapo. Mama yake, Bi. Arafa, alikuwa mgonjwa hapo hapo, kiti cha pili, kila Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne. Akikosa siku moja, miguu ilivimba. Akikosa mbili, maji yangepanda kifuani. Sista Leokadia, muuguzi wa chumba hicho, alimwambia Mwatumu kwamba katika miaka yake kumi na tisa ya kazi hajamwona aliyekosa mara tatu akarudi.

Mashine zenyewe zilikuwa nzima. Taabu ilikuwa kompyuta iliyoziongoza. Sheria ilisema kompyuta ya serikali isifanye kazi yoyote mpaka programu zake zote ziwe mpya kabisa. Programu hizo huja zimefungwa katika vifurushi, na vifurushi hutoka katika maghala manne. Nchi nyingine zingeona ghala moja latosha, lakini nchi hii ilikuwa na wakubwa wanne. Kulikuwa na Ghala la Serikali, Ghala la Ulinzi, Ghala la Wahisani, na Ghala la Mheshimiwa Mama, mke wa Rais, ambaye alipewa lake siku ya kumbukumbu ya ndoa kwa kuwa vito alikuwa navyo tayari.

Kila ghala lilikuwa na neno lake la kuliamsha. La Serikali liliambiwa *sasisha*. La Ulinzi liliambiwa *boresha*, na ukikosea ukaliambia sasisha lilikuuliza wewe ni nani na umetumwa na nani. La Wahisani liliambiwa *pandisha*, tena kwa kuanza na tafadhali, kisha likakutaka ueleze kwanza umejifunza nini kutokana na vifurushi vya mwaka jana. La Mheshimiwa Mama liliambiwa *huisha*, maana kuhuisha ni kutia uhai, na yeye mwenyewe alisema neno hilo linamkaa vizuri mdomoni.

Maghala hayo hayakusemezana. Kila moja liliviona vifurushi vya wenzake kuwa ni wageni waliojipenyeza, na likipata upenyo liliviondoa. Basi kila asubuhi Mwatumu aliketi mbele ya kompyuta akabembeleza ghala la kwanza, akaenda la pili, akakuta la pili limevitupa nje vya la kwanza, akarudi mwanzo. Wagonjwa walifika saa kumi na mbili asubuhi. Mashine zilifunguka saa tano, siku ambayo maghala yameamka na furaha.

Mwatumu hakuwa mtu wa maneno mengi. Badala ya kulalamika aliandika mistari kumi na miwili. Mistari hiyo ilijiamsha yenyewe alfajiri, ikaliita kila ghala kwa neno lake, ikangoja limalize, ikafunga mlango nyuma yake, ikaenda kwa jingine. Likitokea zogo, ilianza upya bila kununa, mara moja au mara mia, mpaka yote manne yaseme "tayari".

Siku ya kwanza, Mzee Zuberi wa kiti cha tatu alipofika na kukuta mlango uko wazi na taa za kijani zinawaka, alivua kofia.

"Mbona wamefungua mapema?" aliuliza. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mzee wangu," alisema Sista Leokadia. "Ni Mwatumu."

"Mwatumu huyu huyu asiyesema?"

"Huyo huyo," alisema Bi. Arafa akijipangia mto. "Kanyamaza miaka ishirini na saba, kumbe alikuwa anaandika."

* * *

Katika nchi hiyo kosa dogo husamehewa, lakini jambo jema lazima lichukuliwe hatua. Wiki ya tatu likaja gari la wizara, baada ya kuizunguka wilaya, likateremsha Waziri wa Usasa, Mheshimiwa Bakuza Ndimbo. Waziri aliambiwa kwamba binti wa hapa ameunganisha vifurushi vya maghala yote manne. Alidhani ni vifurushi vya simu, akampongeza na kuahidi kila mwananchi dakika za bure. Alipoeleweshwa hakuona haya, kwa sababu ahadi ilikuwa imeshatolewa na hivyo ilikuwa imeshapita.

"Mistari kumi na miwili!" alisema. "Wizara yangu ina wakurugenzi kumi na wanane na hatujawahi kuandika hata mmoja ukafanya kazi. Binti, hii si ya hospitali. Hii ni ya taifa."

"Mheshimiwa, ni ya kompyuta moja," alisema Mwatumu.

"Alianza hivyo hivyo Rais."

Mistari ikapelekwa makao makuu, ikapewa jina la Amri Moja, ikawekewa mlinzi. Iliamuliwa kwamba kwa kuwa alfajiri ni mara moja tu kwa siku, na taifa haliwezi kubaki la zamani kutwa nzima, Amri ijirudie kila baada ya dakika kumi. Kisha ikaonekana dosari ya kisiasa. Amri yenyewe ni moja, lakini ndani yake mna maneno manne. Hiyo ilikuwa dalili ya mgawanyiko. Ikaundwa Kamati ya Neno Moja, ikakaa siku tisa katika hoteli yenye maji ya moto, na siku ya tisa ikamwita Mwatumu aje ashuhudie walichoamua.

Walikuwa wameamua *huisha*. Mjumbe wa Ulinzi aliliona laini mno, lakini mwenyekiti alikuwa shemeji wa Mheshimiwa Mama. Tangu siku hiyo ghala lolote, kompyuta yoyote na daftari lolote la serikali lingeamriwa kwa neno hilo tu, na la kwanza kuamriwa lingekuwa Daftari Kuu la Raia, kompyuta iliyoandika kila mwananchi aliye hai.

Mwatumu alinyoosha mkono. Ulikuwa mkono mdogo, na ulichukua muda kuonekana.

"Samahanini waheshimiwa," alisema, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. "Daftari Kuu ni la zamani sana. Aliyelitengeneza alikuwa mwalimu wa sarufi. Likiona huisha, huenda lisisome kutia uhai. Huenda likasoma *hu*, halafu *isha*. Kama tunavyosema, maji ya bomba huisha saa nne."

"Maji ya bomba hayaishi," alisema mjumbe wa Wizara ya Maji. "Hupumzika."

Wakacheka, na yeye Mwatumu akatabasamu kidogo kwa adabu.

"Tungelijaribu kwanza kwa raia mmoja," alisema.

"Mmoja? Ahuishwe yeye peke yake wenzake wakitazama? Huo ni upendeleo."

"Binti," alisema mwenyekiti, "umeandika mistari kumi na miwili, tumekushukuru. Sasa unataka kutufundisha na Kiswahili?"

Mwatumu aliketi. Tunapaswa kusema kweli hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujificha baadaye: angeweza kusimama tena. Aliambiwa mlangoni kwamba Amri ikipita, hospitali yake itapata mashine ya sita. Aliifikiria mashine hiyo. Akaifunga kalamu yake, akaifungua, akaifunga.

* * *

Uzinduzi ulifanyika Jumapili, uwanjani. Kibodi ilifungwa utepe, na Waziri aliukata kwa mkasi, akakata na waya, ikaletwa kibodi nyingine.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia dakika hii hakuna kitu kikuukuu katika nchi hii, isipokuwa chama. Wapo wanaosema tunakwenda haraka. Ninawajibu, wao wametuonaje kama wako nyuma? Leo tunawahuisha ninyi nyote. Mkiondoka hapa mtakuwa wapya. Msiwashangae wake zenu."

Kisha akabonyeza.

Daftari Kuu likasoma: *Raia wote huisha.* Lilikuwa daftari lenye bidii, lililofundwa na mwalimu mkali, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali kuliambia jambo ambalo lingeweza kuthibitishwa. Likakubali. Na kwa kuwa limeambiwa ni amri, likaanza kulitekeleza kwa mpangilio wa alfabeti. Likawamaliza akina Abdala, likawamaliza akina Agripina, likamaliza herufi A yote bila kuruka mtu, likaingia B. Lilipofika kwa Bw. Bahati Bofu, mfugaji wa kuku, umeme ukakatika.

Wengi wanaamini ulikuwa mkono wa Mungu. Shirika la Umeme linasema ulikuwa mgao wa kawaida. Uliporudi, hakuna aliyethubutu kulibonyezea Daftari Kuu amri ile tena. Kwa vyovyote, Mheshimiwa Bakuza alikuwa majina elfu tatu tu mbele ya Bw. Bahati, na jioni hiyo alionekana akinywa maji kwa mikono miwili.

Wizara ilitoa taarifa fupi. Hakuna raia aliyekufa. Raia laki nne na nusu *wamekamilika*. Waliokamilika waliombwa watulie, wasiamini uvumi, na wasiendelee kutumia huduma ambazo hawazihitaji tena.

* * *

Jumatatu Bi. Arafa alipanda kilima cha hospitali akiwa ameshika mkono wa binti yake, akapumzika mara mbili njiani, akaingia, akaweka kidole chake mahali pa kidole, ambapo mashine huliuliza Daftari Kuu mgonjwa ni nani. Kioo kiliwaka rangi ya zambarau.

"Kinasemaje?" aliuliza. "Miwani nimeacha."

Mwatumu alikisoma kimoyomoyo kwanza.

"Kinasema, Mgonjwa amekamilika. Jamhuri inaipa familia pole."

"Hebu rudia."

Akarudia.

"Kumbe nimekufa," alisema Bi. Arafa, "na nimekipanda kilima chote kile kwa miguu."

Mzee Zuberi alikuwa ameshakaa, mkono wake umenyooshwa tayari kwa sindano. "Chukueni kidole changu," alisema. "Mimi ni wa herufi ya mwisho. Mpaka wanifikie nitakuwa nimeshajifia kwa hiari yangu."

"Na wewe utasafishwa na nini?" Bi. Arafa alimuuliza. "Sabuni?"

Mashine humpa kila mtu zamu mbili kwa wiki, haimpi ya tatu. Mzee Zuberi alilijua hilo, na kidole bado alikuwa amekinyoosha. Bi. Arafa alikishika, akakirudisha taratibu juu ya shuka. Wakateremka kilima.

Siku ya pili yake Mwatumu alikuwa katika ofisi za Daftari Kuu. Dirisha la waliokamilika lilikuwa limefungwa, kwa sababu hakuna anayeweza kufika pale. Mbele yake walipanga foleni watu wapatao elfu moja ambao hawakuwepo, wengine na watoto mgongoni. Mwatumu, kwa kuwa M yake ilikuwa hai, alipita dirisha la kawaida, akampata karani aliyeitwa Bwana Sijaona. Alikuwa mtu mstaarabu, mwenye sweta la mikono mifupi.

"Pole sana dada," alisema. "Marehemu alikuwa na umri gani?"

"Si marehemu. Yuko nyumbani, anachambua mchele."

"Mungu amjalie. Sasa mimi nikusaidie nini?"

"Mrudisheni alivyokuwa Jumamosi."

Bwana Sijaona alitazama kushoto na kulia, akainamisha kichwa.

"Dada yangu, usilitumie neno hilo humu ndani. Kurudisha! Kwetu hakuna kurudi nyuma, ni Mbele Tu. Tukimrudisha mama yako Jumamosi, kesho mtu atataka tumrudishie shamba lake." Akachota fomu kwenye rundo. "Lakini mbele iko njia. Mwandikishe upya. Azaliwe."

"Azaliwe?"

"Fomu ya vizazi. Kurasa mbili tu, na huduma hii imehuishwa, haichukui dakika sita. Anatakiwa mama wa mtoto awe hai na asiwe wa A wala B. Wewe wafaa. Jina la mtoto?"

Mwatumu aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa Jumanne, saa sita kasoro. Alhamisi ilikuwa inakuja.

"Arafa," alisema.

"Jina zuri, siku hizi limepungua. Baba wa mtoto?"

"Babu yangu. Alifariki nikiwa sijazaliwa."

"Tuandike hajulikani," alisema Bwana Sijaona kwa upole. "Usijali, dada. Wako wengi."

Nyumbani Bi. Arafa alikisoma cheti kile kwa miwani, mbele na nyuma, akakilaza juu ya magoti yaliyokuwa yameanza kuvimba.

"Haya, mama," alimwambia binti yake. "Umejifungua salama?"

"Mama, tafadhali."

"Nakuuliza. Mzazi huulizwa. Na wenye kuzaa wakubwa hivi hupata taabu sana."

Mwatumu alicheka, na katikati ya kucheka kukatokea sauti nyingine, akaenda jikoni.

* * *

Alhamisi kioo kiliwaka kijani. *Karibu duniani, Arafa.* Sista Leokadia alipiga vigelegele, akachoma sindano, damu ikaingia kwenye mrija, na Bi. Arafa akafumba macho. Alikuwa na siku saba bila kusafishwa. Uso wake ulikuwa umejaa kama uliopigwa na nyuki.

Baada ya dakika nne mashine ikasimama, ikapiga muziki mdogo.

"Imeharibika?" aliuliza Mzee Zuberi.

Mwatumu alikuwa ameshaona. Umri: siku mbili. Uzito: kilo tatu nukta moja. Kiasi cha damu kilichopangwa: nusu kikombe cha chai. *Mtoto ametosheka. Mlete Jumatatu.*

"Badilisha uzito," alisema Sista Leokadia. "Andika sitini na mbili."

"Nimeandika. Inasema mtoto wa siku mbili hawezi kuzidi kilo sita. Inaniuliza nimemlisha nini."

Ndipo Mwatumu akafanya jambo ambalo nchi ile haina hata neno lake. Alitafuta katika sanduku lake la kazi programu ya mashine ya mwaka juzi, ile isiyouliza Daftari Kuu jambo lolote, akairudisha. Alirudi nyuma. Mashine ikaanza kujisafisha kwa dakika arobaini, kama itakiwavyo kabla ya kumgusa mgonjwa, na ilipofika dakika ya kumi Amri Moja ikapita, ikakuta programu ya zamani, ikaihuisha.

Akairudisha tena. Ikapita tena.

Alikata mtandao. Mashine ikakataa kuwaka; bila mtandao haiwezi kujua kama nchi bado iko mbele. Akapiga simu wizarani, akapewa kijana wa zamu mwenye sauti changamfu.

"Naomba mashine moja tu iachwe," alisema Mwatumu. "Chumba kimoja, kwa muda wa saa tano. Nitaweka saini."

"Dada, Amri haina mahali pa kuizimia."

"Ipo. Mstari wa tisa, mimi ndiye niliyeuandika. Mkifuta neno moja itapumzika."

"Wewe ndiye yule!" kijana alifurahi. "Picha yako tunayo hapa ofisini. Ule wa tisa ndio tuliouimarisha. Ulikuwa unajaribu mara mia unachoka. Sasa hauchoki."

Alijaribu mpaka saa kumi na moja jioni. Kila mara ghala lilisema tayari. Kila mara alisikia ule mlango mdogo aliouandika kwa mkono wake ukijifunga vizuri nyuma yake. Sista Leokadia aliwapeleka wagonjwa wengine nyumbani, akarudi, akamtoa Bi. Arafa sindano, akakaa naye.

"Mwatumu," Bi. Arafa aliita kutoka kiti cha pili. "Acha sasa. Utaiunguza kompyuta, na Mzee Zuberi ana zamu Jumatatu."

* * *

Jumapili alasiri Bi. Arafa hakuweza tena kulala chali. Kesho yake mashine ingempa tena nusu kikombe, na hiyo ingekuwa mara ya tatu. Alikaa kitandani ameegemea kifua cha binti yake, kwa kuwa mito ilikuwa haitoshi, na kila pumzi iliyoingia ilipita mahali penye maji. Nje majirani walikuwa wanasikiliza redio. Waziri alikuwa anaeleza mafanikio ya wiki ya kwanza.

Simu ya Mwatumu ikalia mlio wa ujumbe.

"Ni nani?" aliuliza Bi. Arafa.

"Wizara ya Afya."

"Nisomee. Labda wamekumbuka."

Mwatumu alisoma kwa sauti, polepole, kwa sababu mama yake alipenda kusomewa hivyo. "Hongera mama! Mtoto wako Arafa leo ametimiza siku tano. Mpakate mara kwa mara. Ajue harufu yako na sauti yako. Mlete kwa chanjo akifika wiki ya sita. Kumbuka: usimpe mtoto maji."

Midomo ya Bi. Arafa ilikuwa imekauka, imepasuka katikati. Mwenye figo zilizolala hupimiwa maji kwa vijiko, na yeye tangu Alhamisi alikuwa akilowanishwa ulimi kwa pamba.

"Mwanangu," alisema. "Nina kiu."

"Najua, mama."

"Ya tangu mwaka juzi."

Mwatumu alimwegemeza ukutani kwa uangalifu, akamzungushia kanga mabegani. Akaenda kwenye mtungi, akachota kwa kikombe kikubwa cha bati, akakijaza mpaka maji yakamwagikia vidole. Akarudi, akakaa nyuma yake kama alivyokuwa, akamshika kidevu, akamnywesha. Bi. Arafa alikunywa kama wanavyokunywa watu wazima, bila kupumzika, kikombe chote, akakitazama ndani kuona kama kimeisha kweli.

Akakinyoosha tena, na Mwatumu akaenda kuchota kingine.